Unangoja Nini?

Mama alinipigia simu Jumapili jioni akaniomba nimwambie mdogo wangu mambo mawili. La kwanza, apige mswaki vizuri kabla ya kwenda uwanjani, maana siku ya kuchukua makurutu wanaangalia hadi meno. La pili, nimfundishe kutii. "Huyo mtoto ana mdomo," akasema. "Jeshini hawataki mdomo. Mwambie akiambiwa ruka, aruke, maswali baadaye."

La mswaki nilimwambia usiku huo huo. La pili limenikwama kooni wiki mbili sasa.

Mdogo wangu anataka Jeshi la Wanamaji. Hajawahi kuingia maji yanayompita kifua, lakini ameziona picha za manowari pale Mtongwe, ameziona zile sare nyeupe, na ameniona mimi pia. Mimi ndiye niliyeenda chuo kikuu, nikaacha mwaka wa tatu, na sasa naandika makala kwa kulipwa kwa neno, hela ikija ikichelewa. Akilinganisha hayo mawili, hesabu yake siyo mbaya. Mshahara wa mwezi, matibabu, sahani ya chakula isiyokosa. Kwa hiyo swali langu halikuwa kama aende au asiende. Nilitaka kujua nitamwambia nini kuhusu huko kutii, na kwa sababu mimi ni mtu wa kukimbilia kusoma kila ninapoogopa kusema, nikaanza kusoma habari za mabaharia waliokufa.

Nilitarajia vita. Mizinga, makombora, meli inazama bendera ikipepea. Nilichokikuta ni kwamba kwa karne nyingi adui alikuwa sehemu ndogo tu ya kilichowaua. Kuna hesabu ya zamani ya jeshi la majini la Uingereza katika Vita vya Miaka Saba, vilivyokwisha 1763. Waliochukuliwa walikuwa 184,899. Waliouawa vitani, 1,512. Waliopotea kwa maradhi au kwa kutoroka, 133,708. Rudia kuzisoma hizo namba. Hata ukisema nusu yao walitoroka (na ningekuwa huko ningekuwa wa kwanza kuruka ukuta), bado vita vyenyewe vinaonekana kama ajali ndogo iliyotokea pembeni.

Kiseyeye peke yake kiliwala watu kuliko risasi. Fizi zinaoza, vidonda vya zamani vinafunguka, mtu anakufa hajaona hata tanga la adui. Na dawa ilikuwa limau. Mwaka 1747 daktari James Lind, ndani ya meli Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau wakapona haraka. Aliandika kitabu, kikatoka 1753. Wakubwa wa jeshi walianza kuagiza maji ya limau kwa meli zote mwaka 1795. Miaka 42 baadaye.

Sisi husema ajali haina kinga. Ni maneno ya matangani, husemwa kwa upole, na mara nyingi husaidia kulaza usingizi watu wasiolala. Lakini kinga ilikuwepo. Ilikuwa inauzwa sokoni.

Sasa hapa ndipo linaanza jambo ambalo halinipi amani. Mtu akiuawa na adui, maneno yako tayari yanamsubiri: shujaa, sadaka, damu kwa taifa. Familia inapewa bendera iliyokunjwa na kitu cha kushika. Lakini akifa kwa bomba lililopasuka, au nahodha aliyepotea njia? Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1919 meli Iolaire ilikuwa inawarudisha nyumbani mabaharia wa kisiwa cha Lewis, Scotland. Vita vilikuwa vimekwisha tangu Novemba. Watu walikuwa wameponea miaka minne ya manowari na nyambizi. Meli ikagonga miamba karibu na mlango wa bandari ya Stornoway, mita chache tu kutoka nchi kavu, na watu 201 wakafa huku taa za nyumbani kwao zikionekana. Utaiitaje hiyo? Sadaka kwa nani?

Kifo cha namna hiyo hakina adui, na watu hawawezi kukaa na kifo kisicho na adui. Kwa hiyo tunamwachia Mungu, au tunatafuta mtu.

Acha nikueleze habari ya meli Victoria, kwa sababu ndiyo niliyomsimulia mdogo wangu, na ndiyo iliyonirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi.

Tarehe 22 Juni 1893, mchana wa jua kali, kikosi cha Uingereza cha Bahari ya Kati kilikuwa kinakaribia Tripoli, ile ya Lebanoni. Hakuna vita, hakuna dhoruba, bahari imetulia. Kiongozi ni Admirali George Tryon, mtu mkubwa kwa mwili na kwa sifa, anayehesabiwa bingwa kuliko wote wa kuchezesha meli. Anazipanga katika safu mbili. Ya kwanza anaiongoza yeye mwenyewe akiwa ndani ya Victoria, ya pili inaongozwa na msaidizi wake, Admirali Albert Markham, ndani ya Camperdown. Anataka safu zote mbili zigeuke kwa kuelekeana, ndani kwa ndani, kisha zirudi zilikotoka.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Kila meli ilihitaji upana wa mita 730 hivi ili igeuke. Mbili zikigeuka kuelekeana, zinahitaji zaidi ya 1,460. Nafasi aliyoiagiza Tryon kati ya safu ilikuwa kama mita 1,100. Ofisa wake mmoja alimwambia nafasi haitoshi. Tryon akaonekana kukubali. Halafu ishara ikapandishwa ikiwa na namba ile ile ya kwanza.

Kila mtu aliyejua kuhesabu aliiona. Na wengi waliojua kuhesabu walifikiri hivi: mkubwa anajua anachokifanya, lazima kuna kitu nisichokiona. Si ndivyo tunavyofikiri sote? Mtu akiwa na cheo cha kutosha, kosa lake linaonekana kama fumbo.

Markham alisita. Na hapa kuna jambo dogo ninalolipenda sana katika habari hii yote ya huzuni. Ishara za bendera zilikuwa na namna ya kusema "nimeiona lakini sijaielewa." Unaipandisha bendera ya kujibu hadi katikati tu ya mlingoti na kuiacha hapo. Lugha ya manowari, lugha ya amri tupu, ilikuwa imetenga mahali pa shaka. Markham aliipandisha bendera yake nusu, akaiacha hapo.

Tryon akamtumia ujumbe, mbele ya kikosi kizima: Unangoja nini?

Markham akaipandisha bendera hadi juu. Meli zikaanza kugeuka. Baadaye alieleza kwamba alidhani labda Tryon angempitia kwa nje. Dakika chache mbele, pua ya Camperdown, iliyotengenezwa kwa chuma cha kutobolea meli za adui, ilizama ubavuni mwa Victoria. Ikapinduka na kuzama kwa dakika kama 13. Watu 358 walikufa, Tryon akiwa mmoja wao. Waliokuwa karibu naye walisema walimsikia akikiri kwamba kosa ni lake.

Mahakama ya kijeshi ilikaa Malta. Ikamlaumu Tryon, ambaye hakuwepo kujibu. Kuhusu Markham ilisema inasikitika kwamba hakutuma swali lake kama alivyokusudia, lakini ikaongeza kwamba kumtia hatiani mtu kwa kumtii mkubwa wake aliyepo pale pale kungeliangamiza jeshi lenyewe. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi. Ina maana kwamba walilijua kosa, wakalipima, wakaona utii ni ghali kuliko watu 358.

Na kuna kinaya. Tryon mwenyewe alikuwa amewahi kuwaandikia maofisa wake kwamba amri ikiwa itasababisha kugonga meli ya mwenzako, cha kwanza ni kuikwepa hatari. Alikuwa anapigania manahodha wafikirie wenyewe. Karatasi iliwapa ruhusa ya kukataa. Kilichowanyima ruhusa ni sauti yake.

Wazee wa pwani wanasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nakubali. Lakini Victoria ilikuwa na nahodha mmoja tu, na wengine wote walikuwa kimya kwa heshima.

Nilipomaliza kumsimulia, mdogo wangu akasema kwenye simu, "Bro, hiyo ni 1893. Kwani uliacha chuo ndio usome meli?"

Nikacheka. Kisha sikulala, kwa sababu mimi nimewahi kuishusha bendera ya mtu.

Mwaka nilioacha chuo nilifanya mjengo miezi minne, mtu wa mkono. Nabeba karai, napandisha kokoto, jioni nalipwa. Ghorofa ya tatu tulikuwa tumefungiwa mbao za kukanyagia, na mojawapo ilikuwa na ufa. Mimi niliuona. Jamaa niliyekuwa nafanya naye kazi aliuona pia, naye ndiye aliyesema. Alimwita msimamizi akamwonyesha. Msimamizi hakupanda kuuangalia. Alisema pale chini, kwa sauti ya kusikika na wote, "Kama unaogopa shuka, hapo geti kuna kumi wanangoja." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Sikumcheka kwa ubaya. Nilicheka kwa sababu kicheko kilikuwa upande wenye kazi.

Jamaa akapanda. Mbao ikavunjika saa nane mchana.

Hakufa. Alivunjika nyonga, akachukuliwa kwa pikapu ya kubebea simiti. Kesho yake akaja mtu mwenye faili, akatuuliza mmoja mmoja. Swali alilotaka lilikuwa moja: huyo mtu alikuwa amekunywa? Saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa naye kwa kibanda, chai na mandazi mawili, yeye ndiye aliyelipa. Nilijua hakuwa amekunywa. Nilisema, "Sijui."

Hilo neno nimejaribu kulitetea. Sikusema uongo, si ndiyo? Sikusema alikuwa amelewa. Nilisema tu kwamba sijui, na mtu mwenye faili akaandika kitu, na Jumamosi mimi nikalipwa.

Kwa hiyo nilipofika kwenye habari ya meli Iowa nililazimika kufunga laptop kwanza. Tarehe 19 Aprili 1989, manowari hiyo ya Marekani ilikuwa mazoezini karibu na Puerto Rico. Mnara wa pili wa mizinga ukalipuka wakati wa kupakia baruti. Watu 47 wakafa. Meli ni ya zamani, baruti ni ya zamani, majaribio ya kupakia hayakuwa ya kawaida. Uchunguzi wa jeshi ukaviacha vyote hivyo ukamtafuta mtu, ukampata: mmoja wa wale wale 47. Ukasema alifanya makusudi, ati alitaka kujiua kwa sababu ya urafiki ulioharibika, na mambo yake ya ndani yakamwagwa magazetini mama yake akisoma. Sitalitaja jina lake, limeshatajwa vya kutosha. Baadaye wanasayansi wa maabara ya Sandia walionyesha kwamba mifuko ya baruti ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi inaweza kulipuka yenyewe. Oktoba 1991 mkuu wa jeshi hilo la majini alisimama akasema hakuna ushahidi wa wazi dhidi ya huyo kijana, akaiomba familia msamaha.

Miaka miwili na nusu. Unaona jinsi inavyofanya kazi? Ajali huwa ina mizizi kila mahali: kwenye bajeti, kwenye ratiba, kwenye mtu aliyetia sahihi bila kuangalia. Ukiifuata mizizi yote utafika kwa watu wenye ofisi. Ni rahisi kuikata pale juu ya ardhi, pale alipolala maiti. Marehemu hana wakili, na aliyevunjika nyonga hana bundles za kupigia simu gazeti.

Ningetaka kusema kwamba dawa ni kukataa. Lakini nimesoma pia yaliyowapata waliokataa. Julai 17, 1944, kwenye gati la Port Chicago, California, meli mbili zililipuka wakati mabomu yakipakiwa. Walikufa 320. Kati yao 202 walikuwa mabaharia weusi, kwa sababu kazi ya kupakia walipewa wao, bila mafunzo ya maana, huku maofisa weupe wakiwekeana dau kikosi gani kitapakia haraka zaidi. Baada ya mlipuko maofisa wakapewa likizo. Mabaharia weusi wakapewa mabomu mengine ya kupakia. Agosti, 258 wakagoma. Hamsini walishtakiwa kwa uasi, wakahukumiwa vifungo virefu, wengine hadi miaka 15, ingawa wengi waliachiwa mapema 1946. Jeshi la majini liliwasafisha majina tarehe 17 Julai 2024, miaka 80 kamili. Walikuwa sahihi, na usahihi wao ulikuja kuwakuta makaburini.

Kwa hiyo ningemwambiaje mdogo wangu? Kataa, watakusifu 2104?

Yeye ana jibu lake, na lazima nikiri si la kijinga. "Meli si kama kwa baraza la mtaa," aliniambia. "Moto umeshika, mtu anakwambia funga mlango, mnaanza kupiga kura?" Sikuwa nimemwambia habari ya Squalus lakini ni kama alikuwa ameisoma. Mei 23, 1939, nyambizi hiyo ya Marekani ilikuwa majaribioni karibu na pwani ya New Hampshire. Njia kuu ya kuingiza hewa haikuziba, maji yakajaa vyumba vya nyuma. Baharia mmoja, Lloyd Maness, kazi yake ilikuwa kuufunga mlango mzito wa chuma. Aliushikilia wazi kidogo wenzake wachache wakapenya wakikimbia ndani ya maji. Kisha akaufunga. Nyuma yake walibaki 26, wote wakafa. Mbele yake 33 waliokolewa, wakipandishwa kwa kengele kubwa ya chuma kutoka chini kabisa, zaidi ya mita 70.

Maness alitii. Angesubiri dakika moja zaidi kwa huruma, pengine wangekufa wote 59. Lakini angalia pia kwamba hakuufunga papo hapo. Aliushikilia. Muda gani ulitosha? Hakuna kanuni iliyoandikwa kuhusu sekunde hizo. Alizipima kwa macho yake, akiwaona wenzake wakija. Markham naye alikuwa na sekunde zake, bendera ikiwa nusu mlingoti. Na mimi nilikuwa nazo pale chini ya mbao, karai mkononi, kabla ya kicheko. Tofauti ni kwamba Maness alikuwa anaangalia mlango na watu. Markham alikuwa anaangalia atakavyoonekana. Nikisema hivyo najua namhukumu mtu aliyekufa zamani kutoka kwa kiti cha plastiki Umoja, lakini simhukumu kuliko ninavyojihukumu.

Na bado mlango wa Squalus haukuwa amri mbaya. Amri ya Tryon ilikuwa mbaya. Mtu aliyesimama ndani ya sekunde hizo anazitofautishaje? Nimejaribu kuandika kanuni ya kumpa mdogo wangu, nimefuta mara nne. Kila kanuni ninayoandika inamwokoa mtu mmoja na kumwua mwingine.

Usiku wa kuamkia siku ya uwanja nikampigia. Nikaacha meli, nikamweleza habari ya mjengo. Sijawahi kumweleza mtu wa nyumbani. Walijua tu niliacha ile kazi kwa sababu ilikuwa ngumu. Nilimweleza hadi mandazi mawili. Hakusema "bro." Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema sijui."

"Ukamtafuta?"

"Nilimpigia baada ya miezi miwili. Alikuwa mteja."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Nikasikia mlango wao wa mabati ukifunguka, mama akiuliza nani huyo anaongea usiku. Akamjibu ni mimi. Mama akasema kwa mbali, "Amekwambia ile maneno ya kutii?" Nikamsikia mdogo wangu akimwambia ndiyo, nimemwambia.

Nilimtumia nauli. Saa kumi na moja alfajiri aliniandikia kwamba wako kwa foleni, baridi ni ya ajabu, na kuna vijana wametoka mbali kuliko yeye wamelala hapo nje. Chini yake akaandika nimtumie ile namba ya jamaa, atajaribu yeye.

Bado ninayo. Sijaituma.